Buriani Mama Geuka, Aliyekataa Kusema Yaishe

Wasikilizaji wapendwa, kama uliwahi kushonewa nguo na mama huyu, basi unajua. Huondoki pale na nguo imekunjwa ndani ya mfuko. Thubutu! Kwanza unasimama mbele ya kioo. Vaa. Geuka. Inama. Inua mikono kama mtu anayetoa sufuria juu ya kabati. Ukiinama na mshono ukalia "trr", nguo inarudi mezani, na wewe unarudi kesho. Hata kama una harusi. Hata kama wewe ni mkubwa wa ofisi na gari linakungoja nje likinguruma.

Ndiyo maana mtaa mzima ukamwita Mama Geuka. Fundi cherehani, mama wa watoto watatu, mke wa karani mstaafu wa posta. Mama Geuka ametutoka wiki iliyopita, baada ya kuugua kwa muda mfupi. Leo tunamkumbuka. Kitambaa cha kufutia machozi kiwe karibu, sawa, lakini nawaonya mapema: ukikaa na habari za Mama Geuka utacheka tu, upende usipende.

Nilikwenda nyumbani kwake kabla ya kuja studio. Cherehani ziko chumba cha mbele, dirisha linatazama barabara. Chini kuna vipande vya uzi wa kila rangi, vinaganda kwenye soksi ukipita. Kitinda mimba wake, ambaye naye ni fundi sasa, alinikaribisha kwa macho mekundu. Nikakaa. Akanitazama blauzi, akashindwa kuvumilia. "Shangazi," akaniambia, "samahani, lakini hilo bega la kushoto limekushinda. Nani alikushonea?" Nikajua niko kwenye nyumba yenyewe.

Sasa wasikilizaji, huwezi kumwelewa Mama Geuka bila kumwelewa mumewe. Mzee huyu ni mpole, mpole kupita kiasi. Akikanyagwa mguu, yeye ndiye anayeomba radhi. Akiuziwa mkate umeota ukungu, anakata pale penye ukungu, anakula kulikobaki na kusema, "Yaishe." Jirani akimkosea, yaishe. Chenji ikipungua, yaishe. Mkewe mwenyewe alimbandika jina: Bwana Yaishe. Na jina likaganda.

Mama Geuka alikuwa kinyume chake. Maziwa yakichachuka, anayarudisha. Balbu ikiungua siku ileile, anairudisha. Bila matusi, bila kelele, ila anairudisha. Na Bwana Yaishe? Alikuwa akivuka barabara kwa aibu, anajifanya anatazama viatu dirishani upande wa pili. "Mimi," aliniambia mzee, "viatu vya mtaa ule navijua vyote. Bei zake, rangi zake, namba zake. Sijawahi kununua hata jozi moja."

Haya. Tuingie kwenye habari iliyomfanya ajulikane hata na sisi hapa redioni.

Kwa miaka mingi Mama Geuka alishonea cherehani ya kukanyaga kwa miguu, aliyoachiwa na mama yake mzazi. Kazi zikaongezeka. Sare za shule zikawa rundo. Akafanya uamuzi mgumu: akaiuza ile ya mama yake, akanunua mpya ya umeme. Nasema tena ili tuende pamoja. Aliuza cherehani ya mama yake kupata hii mpya. Kwa hiyo hii mpya ikifa, hana nyingine. Hana kazi. Na kwa Mama Geuka, bila kazi hakuna Mama Geuka.

Aliinunua duka moja la vifaa vya umeme. Mwenye duka anaitwa na watu Bosi Asante, maana anakushukuru kabla hujanunua. "Asante mama, chuma kitupu hii! Ndani nje chuma. Utawarithisha wajukuu!" Juu ya kaunta yake kulikuwa na kibao, herufi nyekundu: MALI IKISHAUZWA HAIRUDISHWI. Unakijua hicho kibao, msikilizaji. Kila mmoja wetu amekisoma, akakiamini kama mahubiri.

Siku ile umeme dukani ulikuwa umekatika. Kwa hiyo mama huyu, aliyewageuza watu wa kila aina mbele ya kioo, akabeba mashine nyumbani bila kuiona ikizunguka hata mara moja. Mungu ana utani wake.

Haikuchukua muda. Cherehani ikaanza kuruka mishono. Mara inakwenda, mara inateleza, kola ya shati inatoka na mapengo. Shule zinakaribia kufunguliwa, wazazi wanapita dirishani kila saa: "Mama, tayari?" Na hapo, wasikilizaji wapendwa, Mama Geuka akafanya kosa ambalo ni fundi tu anaweza kulifanya. Wewe na mimi tungeirudisha ilivyo. Fundi hawezi. Mkono unamwasha.

Ubavuni mwa mashine kulikuwa na kibandiko cha waranti, ile dhamana ya duka, kimeandikwa: usifungue. "Nilimwambia," anasema Bwana Yaishe. "Nilimwambia, mama watoto, hapa wamesema usifungue. Akanijibu, hayo wameandikiwa wasiojua."

Akachukua bisibisi. Akafungua.

Ndani akakuta gia. Gia ya plastiki! Ile ya "ndani nje chuma". Meno yake yamekwisha kuliwa, yamebaki kama gunzi la muhindi. Mama Geuka akajua ukweli wote wa mashine yake. Na papo hapo akawa ameukata ushahidi wake kwa mkono wake mwenyewe, maana kibandiko kilikuwa kimechanika vipande viwili.

Akaibeba mashine mpaka dukani. Mzee akavuka kwenda kwenye viatu vyake. Bosi Asante akaitazama, akakitazama kibandiko, na mara hii hakusema asante. Alisema, "Mama, umefungua mwenyewe. Nitajuaje kama hiyo plastiki hukuitia wewe? Halafu, kibao hukukiona?" Wateja wakacheka. Mama Geuka akaikumbatia mashine yake, akatoka.

Usiku na mchana wake vikawa kimoja. Vitambaa vya sare vimekaa mezani vimekatwa tayari, havina wa kuvishona. Dada yake mkubwa, mama mmoja mcheshi sana, alimpa ushauri. Anakiri mwenyewe bila haya. "Nilimwambia, mdogo wangu, si ukigandishe tu hicho kibandiko kwa gundi? Nani atajua? Akanitolea macho! Akaniambia, dada, mimi nikimdanganya, halafu namwita yeye mwongo, tofauti yetu ni nini, gauni?"

Bwana Yaishe akasema neno lake. Unalijua. Mama Geuka akamjibu, "Baba watoto, nikisema yaishe, itakayoisha ni kazi yangu." Kesho yake akaenda ofisi inayoshughulikia malalamiko ya walaji. Na mzee, kwa sababu mashine ni nzito na mapenzi ni mapenzi, akaibeba.

Pale wakapokewa na dada mmoja mwenye miwani, sauti ya chini, asiye na haraka. Bwana Yaishe alikuwa ameona neno "walaji" mlangoni. Akasema, "Binti yangu, labda tumekosea njia. Sisi hatukuila mashine. Mashine ndiyo imetula sisi." Yule dada akacheka mpaka akavua miwani. Akamweleza kwamba mlaji ni mtu yeyote aliyenunua kitu akitumie. Wewe uliyenunua sabuni. Wewe uliyenunua simu. Wewe uliyelipia bati la nyumba yako.

Akamwambia Mama Geuka maneno ambayo leo nataka uyashike. Kitu ulichouziwa lazima kifanye kazi ile uliyokinunulia. Na lazima kiwe kama muuzaji alivyosema kilivyo. Akisema chuma, kiwe chuma. "Na kibao, mama? Kibao ni maneno ya mwenye duka. Kibao hakiwezi kuifuta sheria." Narudia, wasikilizaji, maana najua kuna mtu amesimama chini ya kibao hivi sasa huku akinisikiliza kwenye simu: kibao hakiwezi kuifuta sheria. Kama umebadili tu mawazo, kwamba rangi haikupendezi, hiyo ni hisani ya muuzaji. Lakini kitu kikiwa kibovu, au si kile alichokisema, hiyo ni haki yako.

Kisha yule dada akamuuliza, "Umemwandikia muuzaji malalamiko?"

"Nimemwambia kwa mdomo. Mbele ya watu."

"Hilo alishalisahau, mama. Mwandikie. Ulinunua nini, lini, kina ubovu gani, unataka nini: kitengenezwe, ubadilishiwe au urudishiwe pesa. Mpe muda wa kujibu. Baki na nakala, na risiti usiitoe mkononi, mpe nakala yake."

"Na kibandiko? Nimekichana mwenyewe. Sitasema uongo."

Dada wa miwani akakitazama kile kibandiko. Hakumdanganya. "Hapo ana hoja," akasema. "Sheria iko upande wako, lakini lazima tuonyeshe kwamba ubovu ulitoka dukani, hukuuleta wewe."

Mama Geuka akaandika. Bosi Asante hakujibu. Malalamiko yakapelekwa baraza linalosikiliza kesi za namna hii, siku ikapangwa. Na bado mama wa watu hakuwa na jibu la lile swali: nitajuaje kama hukuitia wewe?

Ndipo simu yake ikalia hapa studio. Kipindi cha asubuhi, mimi mwenyewe kwenye kipaza sauti. Yule dada wa ofisini alikuwa amemwonya asitaje duka wala kumchafua mtu kabla kesi haijasikilizwa, na hakutaja. Akasema hivi, nakumbuka kama jana: "Natafuta mtu mwenye cherehani ya umeme, rangi ya maziwa, ina ua jekundu ubavuni, inaruka mishono. Na huyo mtu awe na akili kunishinda mimi. Awe hajaifungua." Fundi mitambo wangu hapa alicheka mpaka akasahau kupiga tangazo.

Akapiga mshona mapazia mmoja kutoka upande wa pili wa mji. Cherehani ileile. Ua lilelile. Duka lilelile. Inaruka vilevile. Na kibandiko hakijaguswa, kwa sababu, alisema, "mimi naogopa hata kuifuta vumbi."

Lakini tuelewane. Huyu mshona mapazia alikuwa na cha kupoteza. Kibandiko kikikatwa, na ndani kukakutwa chuma, waranti yake inakufa, naye anabaki na mashine mbovu na lawama. Alikuja chumba cha mbele cha Mama Geuka kuuliza afanye nini. Kitinda mimba alikuwepo. Anasema mama yake alitamani mno kumbembeleza, ilionekana usoni. Ila alisema tu, "Mwanangu, mashine ni yako. Ukikataa sitakununia. Ila ukikubali, usiifungue wewe, wala mimi. Wafungue wao, mbele ya wote." Mshona mapazia akasema atafikiri, akaondoka.

Siku ya baraza. Chumba kidogo, meza ndefu, feni inayolia juu. Mama Geuka amekaa na mashine yake iliyochanwa. Alipoulizwa nani alikata kibandiko, akasema, "Mimi." Bila kona. Bosi Asante akatabasamu. Mlango ukafunguliwa. Akaingia mshona mapazia, jasho linamtoka, amekumbatia cherehani yake kwa mikono miwili.

Fundi wa baraza akaikagua. Kibandiko kizima. Akakikata mbele ya wote. Akafungua skrubu moja, ya pili. Bwana Yaishe, ambaye humo ndani hakukuwa na viatu vya kutazama, alifumba macho. Fundi akaingiza vidole, akatoa gia, akaigonga mezani.

Plastiki.

Mshona mapazia akaangua kilio cha furaha. Na Bosi Asante, wasikilizaji, akashika kichwa. "Lakini hata mimi nimeuziwa hivyo! Mwenye duka la jumla aliniapia ni chuma!" Naamini alisema kweli, kwani hakuwahi kufungua hata boksi moja. Mwenyekiti wa baraza akamtazama. "Basi na wewe ni mnunuzi," akasema. "Na wewe una pa kwenda kulalamika. Lakini hawa wawili, wewe ndiye uliyewaambia chuma, na wewe ndiye utakayewapa chuma, au pesa zao." Kuhusu kibandiko akasema kwamba kufungua hakugeuzi chuma kuwa plastiki. Na kibao kishushwe.

Wakachagua chuma. Bosi Asante akawaletea mashine nyingine, na safari hii alichomeka waya mwenyewe, akatia kitambaa, akashona mbele yao. Kisha Mama Geuka akaomba kitu kimoja cha nyongeza. Akaomba kile kibao. "Cha nini, mama?" "Nipe tu, mwanangu. Mbao nzuri hiyo." Akaenda nacho nyumbani, akakigeuza, na upande wa nyuma akaandika kwa chaki yake ya kukatia: HAIJAKUKAA? RUDI NAYO. Akakitundika juu ya kioo. Kipo mpaka leo, nimekiona kwa macho yangu.

Toka hapo chumba cha mbele kikawa hakina nafasi. Huyu ameuziwa simu ya ndani tupu, yule godoro limebonyea kabla halijazoeleka. Mama Geuka anawasikiliza huku anashona. Hakuwafanyia kazi yao. Aliwauliza: umerudi kwa muuzaji? Kwa upole? Umeandika? Risiti iko wapi? Kama hayo yote yamefanyika na muuzaji amekaa kimya, anawaelekeza kwa dada wa miwani. Wengi hawakufika huko. Waliporudi dukani wakiwa wanajua wanachokisema, waliridhishwa palepale. Bosi Asante naye alidai kwa mwenye jumla, akapata. Akawa mteja wa Mama Geuka. Suruali zake zote zilipita mbele ya kile kioo. Vaa, bosi. Geuka, bosi. Inama.

Hata alipolazwa hakuacha. Muuguzi alimletea dawa, naye kwa sauti iliyobaki akasema, "Geuza chupa mwanangu, nione tarehe." Muuguzi akageuza. Tarehe ilikuwa nzuri. "Haya, lete," akasema.

Sasa nifike siku ya mazishi. Nilikuwepo.

Jeneza lililetwa asubuhi na seremala, ana haraka, ana lingine la kupeleka. Likawekwa juu ya mabenchi mawili uani, bado tupu. Zuri kwa macho, limepakwa vanishi, linang'aa, vishikio vya rangi ya dhahabu. Watu wamekaa juani. Tukamwona Bwana Yaishe anainuka. Akalizunguka jeneza polepole. Akashika kishikio kimoja. Akavuta.

Kikabaki mkononi mwake. Na skrubu zake, fupi kama kucha.

Shemeji yake, yule dada mkubwa mcheshi wa marehemu, akamsogelea akamnong'oneza, "Shemeji, ni msiba. Watu wamechoka. Yaishe." Seremala naye akababaika, "Mzee, tutafunga kamba... Jamani, jeneza nalo linarudishwa?" Mtu nyuma alicheka na kulia kwa pamoja. Nadhani nilikuwa mimi.

Mzee hakupandisha sauti. Sijui kama anayo sauti ya kupandisha. Alisema, "Mwanangu, hukuniuzia pambo. Umeniuzia kitu cha kumbebea mke wangu. Na hakibebi." Akamwekea kishikio kiganjani. "Haliishi hili. Geuza."

Wakaligeuza, wasikilizaji. Mbele ya waombolezaji wote, wakaligeuza jeneza chini juu, na mzee akapitisha mkono kila ubao, kila kona. Bosi Asante, aliyekuja kuzika kama sisi, akatoa funguo za gari bila kuulizwa, akaondoka na seremala. Wakarudi na skrubu ndefu. Seremala akafunga vishikio vyote upya, na sasa hakuwa na haraka tena. Alipomaliza, mzee akavuta kimoja kimoja kwa nguvu zake zote mpaka mishipa ikamtoka shingoni. Vikashika.

Akajifuta uso. Akawageukia wanawe. "Sasa," akasema, "mleteni mama yenu."

Tukambeba. Hakuyumba hata kidogo.

Wasikilizaji wapendwa, kwa niaba ya kituo hiki nampa pole mzee wetu. Nawapa pole dada mkubwa, watoto wote watatu, na mshona mapazia aliyelia kule kaburini kama mtoto wa nne. Mungu awape subira. Wewe unayenisikiliza, ukiwa dukani leo, kumbuka kuomba kitu kichomekwe, kifunguliwe, kigeuzwe. Na jiulize: ni mara ngapi umerudi nyumbani na kitu kibovu kwa sababu uliona aibu kurudi? Na wewe unayeuza, ukipima au ukifunga, fikiri nani atakibeba hicho kitu, na atabeba nini ndani yake.

Nilipomuaga mzee alinisindikiza mpaka barabara ya madukani. Nikamuuliza sasa tumwite nani, maana lile jina la Yaishe limekufa. Akatazama upande wa pili wa barabara, kwenye dirisha la viatu. "Niiteni vyovyote," akasema. "Ila pale sivuki tena."